Walionyongwa Wana Kaburi, Waliokufa Njaa Hawana

Kila mwaka inapofika tarehe 27 Februari, mji wa Songea hukusanyika kuwakumbuka watu walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Kwenye viwanja vya Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, eneo la Mahenge, wazee wa Kingoni huja na mikuki na ngao, ngoma hupigwa, na viongozi wa serikali huweka mashada kwenye kaburi la pamoja la mashujaa 67. Kando kuna kaburi la Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake. Yeye alinyongwa siku chache baada ya wenzake na akazikwa peke yake. Makumbusho yenyewe yalianza mwaka 1980, yakalelewa na wazee wa mkoa, na mwaka 2010 yakakabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa. Ni mahali pa heshima, na waliopalinda miaka yote hiyo, mara nyingi bila fedha wala msaada wa maana, wanastahili shukrani ya nchi nzima. Lakini ukumbusho wa Songea umetwishwa mzigo usio wake. Umefanywa uwe kumbukumbu ya vita vyote vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani, ilhali sehemu kubwa kabisa ya wafu wa vita hivyo haikufa kwa kamba wala kwa risasi. Walikufa njaa, na njaa ile ilipangwa. Hoja ya makala hii ni kwamba Tanzania inadaiwa ukumbusho wa pili, wa wale waliouawa kwa kunyimwa chakula, na kwamba sababu zinazotolewa za kutoujenga hazitoshi.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo jambo hili linapojidhihirisha. Vita vilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, huko Nandete, watu walipong'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa nguvu chini ya maakida na majumbe. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyetoa maji ya dawa yaliyoaminika kukinga risasi, alikamatwa na kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, lakini ujumbe wake ulikuwa umekwisha kumtangulia: ulifika Ungindo, Umwera, Upogoro, Ubena, Upangwa na Ungoni. Mapigano makubwa ya ana kwa ana hayakudumu. Tarehe 30 Agosti wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge wakafyekwa na bunduki za rashasha, na kufikia mwisho wa mwaka watu walikuwa wameacha kushambulia ngome na kuingia katika vita vya msituni. Upande wa serikali ya Kijerumani walikufa Wazungu 15 na Waafrika 389 waliopigana chini yao. Kwa upande wa pili, Wajerumani wenyewe walikadiria wafu 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyeifanyia vita hii utafiti wa kina kuliko wengi, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, yaani pengine theluthi moja ya watu wote wa eneo lililopigana. Hata tukichukua hesabu ndogo ya Wajerumani, wale 67 wa Songea hawafikii mtu mmoja katika kila elfu moja ya wafu. Hao wengine wote wako wapi katika kumbukumbu yetu?

Jibu la haraka ni kwamba njaa huifuata vita yoyote, kwa hiyo waliokufa kwayo ni msiba wa kawaida wa nyakati mbaya. Kumbukumbu za maofisa wa Kijerumani zinalikanusha jibu hilo. Kapteni Wangenheim alimwandikia gavana, Gustav Adolf von Götzen, kwamba ni njaa na ufukara tu vitakavyowatiisha watu kabisa, na kwamba mapigano ya kijeshi peke yake ni tone katika bahari. Götzen aliikubali njia hiyo. Huko Songea, Kapteni Richter alipoelezwa kwamba watu watakufa njaa, alijibu kwamba na wafe, na kwamba laiti angeweza angewazuia hata kupanda. Kilichofuata kilikuwa kazi ya mpangilio. Vikosi vya askari pamoja na ruga-ruga, wapiganaji wasaidizi wa Kiafrika, vilipita kijiji kwa kijiji, vikichukua nafaka iliyoweza kubebwa na kuchoma iliyobaki, vihenge na nyumba vikateketezwa, mifugo ikaswagwa, mazao yaliyokuwa shambani yakakatwa kabla ya kukomaa. Familia zilikimbilia porini, na porini hakuna anayelima. Msimu wa kupanda ulipita bila mbegu kutiwa ardhini. Mwaka uliofuata hata mbegu yenyewe haikuwepo, maana ilikuwa imeliwa au imechomwa. Kila mkulima wa kusini anajua maana ya kula mbegu. Watu waliishi kwa mizizi ya porini na matunda ya msimu, na waliokuwa dhaifu, yaani watoto, wazee, wajawazito na wanaonyonyesha, ndio waliotangulia. Bunduki zilinyamaza mwaka 1907, lakini vifo viliendelea. Utafiti uliofanywa Ulanga katika miaka ya 1930 ulikadiria kwamba uzazi wa wanawake walionusurika ulipungua kwa zaidi ya robo. Maana yake kizazi kilichofuata kilipunguzwa kabla hakijazaliwa, na hao hawamo katika hesabu ya mtu yeyote.

Basi kwa nini kumbukumbu ikaufuata mti wa kunyongea na kuiacha njaa? Sababu ya kwanza ni karatasi. Kunyonga ni tendo la serikali: lina hukumu, tarehe, orodha ya majina na mashahidi. Kule Songea, mapadri Wabenedikti waliruhusiwa kuwafikia waliohukumiwa, na wengi wao walibatizwa kabla ya kufa, wakapewa majina mapya yaliyoandikwa vitabuni. Waliowaua na waliowabatiza, kila upande kwa sababu yake, walihifadhi kile ambacho wajukuu walikihitaji baadaye: nani, lini, wapi. Mama aliyekufa porini na mtoto mgongoni hakuandikwa na yeyote. Sababu ya pili ni ukoo. Nkosi (mtawala) Mputa Gama na manduna (majemadari) wake walikuwa watu wa daraja la juu katika dola ya Wangoni. Walikuwa na warithi, na warithi walikuwa na sauti. Dola hiyo ilikuwa pia na watu wa chini, wengi wao wazao wa mateka na wa jamii zilizomezwa, ambao walilima, wakapigana na wakafa njaa pamoja na mabwana zao. Orodha ya kaburi la Songea ni orodha ya uongozi, na ndivyo Wajerumani walivyotaka iwe: walikusudia kukata vichwa vya jamii ili mwili ulegee. Tunapoitumia orodha ileile kama kipimo cha nani akumbukwe, tunafuata chaguo lililofanywa na aliyeshika kamba.

Sababu ya tatu imetoka kwetu wenyewe, na inaeleweka. Desemba 1956, Julius Nyerere alipozungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa huko New York, aliitaja Majimaji kama ushahidi kwamba watu wa Tanganyika hawakuwahi kukubali kutawaliwa. Nchi iliyokuwa ikidai uhuru ilihitaji mizizi, na mizizi hiyo ilipatikana katika vita vilivyounganisha makabila mengi chini ya imani moja. Baada ya uhuru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake vijijini mwaka 1968 kukusanya simulizi za wazee. Bila kazi hiyo tungekuwa maskini leo, maana wazee wale walikuwa wa mwisho kuiona vita kwa macho. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akaandika *Kinjeketile*, tamthilia iliyosomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Katika kazi hizi zote swali kuu lilikuwa la umoja na uongozi: nani aliunganisha watu, kwa nini walishindwa, ushindi wa kesho ujengwe juu ya nini. Ni maswali makubwa. Lakini njaa haijibu hata moja kati yake. Haina kiongozi, haina mbinu, haiunganishi mtu na mwenzake. Mara nyingi huwatenganisha, mtu akamficha jirani yake kibaba cha mwisho. Kwa taifa lililokuwa likitafuta ujasiri wake, hapakuwa na nafasi ya kuiweka njaa.

Hata hivyo kumbukumbu za vijijini hazikuwahi kuifuata ramani hiyo kikamilifu. Huko Yakobi, Njombe, mwanahistoria James Giblin alikuta watu wakivizungumzia vita vya Korosani, jina lililotokana na la mmisionari Gröschel aliyekuwa akiishi pale kituo kiliposhambuliwa mwaka 1905. Vita ileile ambayo kitabu cha shule kinaiita vita ya taifa, pale ilikuwa vita ya mahali, yenye ugomvi wake, majeraha yake na matokeo yake ndani ya nyumba za watu: nani alichukuliwa, nani alikimbilia wapi, mashamba yaliachiwa nani. Kazi za watafiti zilizochapishwa mwaka 2010 chini ya uhariri wa Giblin na Jamie Monson zilisisitiza jambo hili, kwamba uzoefu wa Majimaji ulitofautiana sana kutoka bonde hadi bonde. Wapo walioona katika utafiti huo jaribio la kuivunjavunja historia ya taifa. Mimi naona kinyume chake. Mtu anayekumbuka jinsi bibi yake alivyovuka mto usiku kutafuta chakula anakumbuka Majimaji kwa ukamilifu uleule wa anayekumbuka mkuki wa babu yake, na taifa lisilomsikia wa kwanza linajinyima nusu ya ushahidi wake.

Pingamizi zito kuliko yote hutoka kwa watu wenye nia njema kabisa. Husema: babu zetu walikuwa wapiganaji, na ukiwaweka katika ukumbusho wa njaa utawageuza kuwa wahanga wa kuhurumiwa, jambo ambalo wakoloni walilipenda. Naliheshimu pingamizi hili. Kwa miaka mingi Waafrika wameonyeshwa duniani kwa picha za njaa, na ni haki mtu kutotaka picha hiyo iwekwe kwenye ukuta wa nyumba yake. Lakini linasimama juu ya mgawanyo usiokuwepo wakati ule, wa wapiganaji upande huu na wanyonge upande ule. Vita vya msituni viliwezekana kwa sababu kulikuwa na watu waliopika, waliobeba, waliolima mashamba ya mafichoni na waliokataa kusema wapiganaji wako wapi. Adhabu ya njaa iliwalenga hao kwa sababu adui alijua vizuri nani anayeibeba vita mgongoni. Hata orodha ya Songea ina jina la mwanamke, Mkomanile, aliyeshiriki kuyapokea maji na kuyaingiza Ungoni, na akanyongwa pamoja na wanaume. Wakenya walilifikiria tatizo kama hili walipojenga ukumbusho wa Mau Mau katika bustani ya Uhuru, Nairobi, uliozinduliwa Septemba 2015 kwa fedha za serikali ya Uingereza baada ya makubaliano ya mwaka 2013 na manusura wa mateso. Sanamu waliyoichagua inamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, kila mmoja akitazama upande wake ili asije akamtambua mwenzake na kulazimishwa kumtaja. Hakuna aliyeona kwamba kapu la yule mwanamke limemshushia hadhi mpiganaji, na mtu akiitazama sanamu ile anaelewa kwa nini serikali ya kikoloni ililiogopa kapu kama ilivyoiogopa bunduki.

Pingamizi la pili ni la mahali. Ukumbusho unahitaji ardhi, husemwa, na njaa haina mahali: watu walikufa wakitembea, wakazikwa njiani au hawakuzikwa. Waliouawa wana Songea. Wana mnara wa Nandete, vita vilipoanzia. Wana Mwembe Kinyonga pale Kilwa Kivinje. Waliokufa njaa watawekewa jiwe lao wapi? Mimi nasema mahali papo, na ni pakubwa kuliko mahali pengine popote pa kumbukumbu nchini. Tazama ramani ya kusini mwa Tanzania: katikati ya Rufiji, Liwale, Ulanga na Namtumbo kuna nchi kubwa isiyo na vijiji, iliyokuwa Pori la Akiba la Selous, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50,000, lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982, na ambalo mwaka 2019 sehemu yake ya kilomita za mraba zaidi ya 30,000 ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Watalii huambiwa kwamba hapa wanaona Afrika kama ilivyokuwa kabla ya binadamu kuigusa. Maneno hayo si ya kweli. Ngarambe ya Kinjikitile iko ukingoni mwa pori hilohilo. Wangindo na jirani zao walilima ndani yake, walivuna asali na nta, walipitisha njia za biashara kwenda pwani. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika, alionyesha jinsi mashamba yaliyoachwa baada ya Majimaji yalivyomezwa na miombo, jinsi mbung'o na tembo walivyoingia palipokuwa na watu, na jinsi pori hilo kubwa la wanyama lilivyotokana kwa sehemu na vita ile. Kwa hiyo njaa ina mahali pake. Tumepapa jina la nyika, tukapasifu kwa utupu wake.

Ndani ya nyika hiyo, pale Beho Beho, kuna kaburi moja linalotunzwa na kuonyeshwa wageni. Ni la Frederick Courteney Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa kwa risasi tarehe 4 Januari 1917 akipigana na jeshi la Kijerumani, na ambaye pori lote lilikuja kuitwa kwa jina lake. Sina neno baya juu ya kaburi la mtu yeyote. Aliyekufa vitani mbali na kwao anastahili jiwe. Lakini nchi inapoweza kutunza kwa zaidi ya miaka mia kaburi la mgeni mmoja katikati ya ardhi ambayo maelfu ya wenyeji wake walifia bila alama, haiwezi tena kusema kwamba tatizo ni ukosefu wa mahali.

Hapa mwanahistoria makini ataniambia nisikimbie mno, na atakuwa na haki. Selous haikuachwa tupu na njaa ya Majimaji peke yake. Wajerumani walikuwa wamekwisha kutenga mapori ya akiba katika eneo hilo kabla na baada ya vita. Vita Kuu ya Kwanza ilipita humohumo, ikachukua wapagazi na chakula kutoka kwa watu waliokuwa hata hawajapumua. Kisha miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wa Liwale kwa maelfu kwa hoja ya ugonjwa wa malale, na mipaka ya pori ikapanuliwa kufuata nyuma yao. Mtu akiniambia kwamba kila kilomita ya hifadhi ile ni kaburi la mwaka 1906, nami nitamkatalia. Lakini mlolongo huo unaipa hoja nguvu zaidi. Malale na tembo walipata nafasi kwa sababu mashamba yalikuwa yamepungua na moto wa kila mwaka wa kusafisha vichaka ulikuwa umezimika. Watu waliobaki walikuwa wachache mno na waliotawanyika mno kuweza kuyarudisha mapori nyuma. Na kwa kuwa walikuwa wachache, ilikuwa rahisi kwa serikali iliyofuata kusema kwamba ardhi haina wenyewe. Ukumbusho wa kweli ungeeleza hatua zote hizo kwa mpangilio wake, bila kuifanya njaa ya mwaka 1906 iwe chanzo pekee na bila kuificha nyuma ya mbung'o.

Liko pingamizi la tatu, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba tukiichimbua njaa tutachimbua pia nani alisaidia kuileta. Ni kweli. Wahehe, waliokuwa wamevunjwa na vita vyao wenyewe vilivyoisha kwa kifo cha Mkwawa mwaka 1898, hawakuingia Majimaji, na baadhi yao walipigana upande wa serikali. Merere wa Usangu alikuwa upande huohuo. Askari waliochoma vihenge walikuwa Waafrika karibu wote, na miongoni mwa ruga-ruga walikuwemo watu wa jirani kabisa na vijiji vilivyochomwa. Je, inafaa kuyasema haya katika nchi iliyojenga amani yake kwa kutotaja ukabila? Nadhani inafaa, na nadhani njaa ndiyo njia salama ya kuyasema. Ukumbusho wa mashujaa hulazimika kuuliza nani alikunywa maji na nani alikataa, nani alikuwa jasiri na nani msaliti. Njaa haikuuliza. Katika maeneo mengi iliwapata waliokunywa na wasiokunywa kwa pamoja, kwa sababu vihenge vya kijiji vilichomwa vyote na maradhi yaliyofuata hayakuchagua. Mjukuu wa askari na mjukuu wa mpiganaji hawawezi kuinamia sanamu moja ya nduna kwa moyo uleule. Mbele ya jina la kijiji kilichokwisha kwa njaa wanaweza kusimama wote wawili, na yule wa kwanza hahitaji kujitetea wala yule wa pili kumshitaki.

Suala hili limepata uzito mpya kwa sababu ya mazungumzo na Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaingia makumbusho, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, na akaomba radhi kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu wa watu wale. Aliahidi pia kwamba nchi yake itasaidia kutafuta kichwa cha nduna huyo, kinachoaminika kukatwa na kupelekwa Ujerumani. Ahadi hiyo haikuwa ya bure: wiki chache kabla, taasisi moja ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeonyesha uhusiano kati ya mafuvu kutoka Tanzania yaliyomo kwenye makusanyo yake na watu walio hai leo. Familia zinazosubiri mabaki ya wazee wao zina haki isiyojadiliwa, na kila mwaka wa kuchelewa ni dhuluma juu ya dhuluma. Hata hivyo iko hatari ya kweli kwamba fuvu litabeba deni lote. Kichwa kinaweza kutafutwa, kupatikana au kutopatikana, kurudishwa kwa ndege na kuzikwa kwa mizinga, kisha pande zote mbili zikaona kwamba shughuli imekwisha. Njaa haiwezi kurudishwa ndani ya sanduku. Kuomba radhi kwa kunyonga ni kukiri ukatili wa hukumu. Kuomba radhi kwa njaa ni kukiri sera, iliyoandikwa, ikapelekwa kwa gavana, ikapitishwa na kutekelezwa kwa miezi mingi juu ya watu wasiokuwa na silaha. Wanamibia, waliokumbwa na maangamizi ya dola hiyohiyo katika miaka hiyohiyo, wanaielewa tofauti hii. Siku yao ya kitaifa ya kuwakumbuka wahanga, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, waliiweka tarehe 28 Mei, siku ambayo mwaka 1907 ilitolewa amri ya kufungwa kwa kambi ambamo Waherero na Wanama walikufa kwa njaa, maradhi na kazi. Wangeweza kuchagua tarehe ya vita. Walichagua tarehe inayomwelekeza kila anayeuliza sababu yake kwenye kambi.

Husemwa pia kwamba fedha zikipatikana ziende kwenye zahanati na visima, kwa kuwa waliokufa hawali. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ukumbusho ungemaanisha mnara mwingine wa marumaru mjini. Ninachokiona ni kitu cha gharama ndogo na cha kazi kubwa zaidi. Kwanza ni majina ya mahali. Majina ya watu waliokufa njaa yamepotea kwa sehemu kubwa, lakini majina ya vijiji vilivyohamwa yanaweza kukusanywa: yamo katika ramani za Kijerumani, katika vitabu vya misheni za kusini, katika karatasi za utafiti wa mwaka 1968 zilizotunzwa Dar es Salaam, na bado yamo vinywani mwa wazee wa Liwale, Kilwa na Namtumbo wanaojua mababu zao walitoka wapi kabla ya kuhamia walipo. Orodha ya vijiji, ikichongwa na kuwekwa wazi, ingempa kila mwenye asili ya kusini jina la kuligusa, hata yule ambaye ukoo wake haukuwahi kuwa na nduna. Pili ni makumbusho ya Songea yenyewe, ambayo yana nafasi ya kuweka, karibu na picha za majemadari, kihenge, jembe, na maneno ya Wangenheim na Richter katika Kiswahili, ili mwanafunzi anayeletwa pale aone kwamba kamba na moto wa vihenge vilitoka katika mkono mmoja.

Tatu ni hifadhi. Kwenye malango yake, Mtemere, Matambwe na kwingineko, mgeni hukaribishwa kwa habari za wanyama, mto na mipaka. Bango moja kwa kila lango, kwa Kiswahili kwanza, likieleza nani waliishi humu, walilima nini, walipigana na nani, walikufaje na kwa nini nchi yao leo ina tembo badala ya mashamba, lisingemfukuza mtalii hata mmoja na lisingempunguzia simba chochote. Lingewafaa zaidi vijana wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, ambao leo hukutana nayo kama mahali pa askari na faini, na ambao wana haki ya kujua kwamba historia ya ndani ya mpaka ule ni yao. Hifadhi hiyo tayari ina jina la mtu aliyeitaja Majimaji mbele ya dunia mwaka 1956. Wanahistoria wa kuandika maneno ya bango hilo wapo, wazee wa kuyasahihisha wangali hai, na hakuna sehemu ya kazi hii inayopaswa kungoja jibu kutoka Berlin.